Sarafu ya fedha pichani: namna ya kukadiria daraja lake kabla hujaishika

Dola ya Morgan, sarafu kubwa ya fedha ya Marekani yenye kichwa cha bibi upande mmoja na tai upande wa pili: ya kwanza niliyoinunua kwa kutazama picha tu ilikuwa nyeupe pe, nywele za yule bibi zimesimama uzi kwa uzi, shavu halina doa. Nikajiambia hii ni MS63, ikizidi kunipunja ni MS62, yaani madaraja ya sarafu isiyotumika (ngazi yote iko hatua ya 1). Ilipofika nikaiinamisha chini ya taa ya mezani, na shavu lote likajaa mistari myembamba, kana kwamba mtu aliisugua kwa steelwire ya kuoshea sufuria. Muuzaji hakusema uongo. Kwa kweli hakusema lolote. Alipiga picha kwa taa mbili zilizotazamana, na taa zikitazamana kila moja hufuta kivuli cha mwenzake. Mkwaruzo usio na kivuli hauonekani.

Tangu siku hiyo nasoma taa kwanza, sarafu baadaye. Picha inaweza kukuambia sarafu haiwezi kuwa zaidi ya daraja fulani. Kukuambia daraja lenyewe ni nadra, na anayekupa namba moja kamili kwa kutazama picha moja anabahatisha. Lengo letu hapa ni kupata ngazi mbili au tatu zinazowezekana, na kujua ni kitu gani kimefichika.

1. Jua ngazi unayoisoma ni ya nani

Namba za 1 hadi 70 zilitolewa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949, kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake. Wazo lake lilihusu bei: sarafu ya 70 iwe na thamani mara 70 ya ile ya 1. Hesabu hiyo ya bei ilikufa zamani, namba zikabaki, na kampuni za kupanga madaraja kama PCGS na NGC zikazichukua miaka ya 1980.

Kila fungu la namba lina herufi zake za Kiingereza, kutoka sarafu iliyochakaa hadi isiyotumika. Kwa haraka: G ni 4 hadi 6, mchoro umebaki kama kivuli cha umbo. VG ni 8 na 10, F ni 12 na 15. VF ni 20 hadi 35, hapo sehemu kubwa ya mchoro wa ndani inasomeka. XF ni 40 na 45, AU ni 50 hadi 58 ambapo uchakavu umegusa vilele tu, na MS ni 60 hadi 70, sarafu ambayo haikuingia mzungukoni kabisa.

Tahadhari ni kwamba herufi hubadilika maana zikivuka mpaka. Mjerumani huandika ss, vz na st. Mfaransa TTB, SUP na FDC. Na EF ya Mwingereza wa kale, ingawa kwa maneno ni sawa na XF (Extremely Fine), huwa kali kuliko XF ya Mmarekani; sarafu aliyoiita EF yeye, mwenzake ng'ambo ya bahari angeweza kuiita AU. Kwa hiyo tangazo likisema “EF”, tazama kwanza limeandikwa na nani.

2. Soma taa

Tazama herufi zilizo karibu na ukingo. Kila herufi ina upande unaong'aa na upande wenye giza. Fuata kutoka mwangani kwenda gizani, utajua taa ilikaa wapi. Picha ninayoiamini ina taa moja, imewekwa juu kiasi, upande mmoja. Herufi ikiwa inang'aa pande zote, taa ni mbili au zaidi, na mikwaruzo ya uwanjani huenda imefutika. Kwa “uwanja” namaanisha ile sehemu tambarare isiyo na mchoro. Nitaitaja mara nyingi.

Picha isiyo na kivuli kabisa, sarafu yote kijivu cha namna moja, mara nyingi ni ya skana. Skana huonyesha mchoro vizuri lakini huua mng'ao, hata sarafu ya MS65 hutoka imelala kama ya AU. Hapo muuzaji anajipunja mwenyewe. Nimewahi kupata sarafu nzuri kwa njia hiyo, ila usiifanye kuwa tabia, kwa sababu skana huficha mikwaruzo vilevile.

Taa ikilazwa chini sana, karibu usawa wa meza, kila kidonda kidogo hutupa kivuli kirefu na sarafu safi huonekana imepigwa mawe. Na mwanga ukizidi mpaka uwanja ukawa mweupe mtupu, usijisumbue kukadiria uwanja huo. Hakuna kilichorekodiwa pale.

Kuna hila nyingine ambayo haitoki kwa muuzaji, inatoka kichwani mwetu. Ubongo umezoea mwanga kutoka juu. Taa ikiwa upande wa chini wa picha, kilichoinuka huonekana kimezama, na ufa ulioinuka hugeuka mkwaruzo. Tazama herufi, ambazo unajua fika zimeinuka: zikionekana zimechimbwa, pindua picha juu chini. Utashangaa jinsi “mkwaruzo” uliokutisha unavyonyanyuka na kuwa mshono wa chuma cha chapa (kile kinachogandamiza mchoro kwenye sarafu) kilichopasuka, jambo la kiwandani ambalo halishushi daraja.

Rangi nayo isomwe kwa kitu usichokionea shaka. Mandharinyuma ya karatasi nyeupe yakiwa ya buluu, basi na sarafu imetiwa ubuluu. Kidole cha muuzaji kikiwa cha zambarau, usishangilie rangi ya zambarau kwenye fedha.

Mwisho wa taa: ukubwa. Dola ya Morgan ina kipenyo cha milimita 38.1. Ikijaza skrini ya kompyuta, alama ya nusu milimita huwa jeraha. Wapanga madaraja hutumia zaidi jicho tupu na lenzi ndogo. Kuza picha kutafuta kasoro, kisha irudishe karibu na ukubwa halisi ndipo uamue uzito wa kasoro hizo.

3. Pata za kulinganisha

Tafuta picha za sarafu ya aina ileile zilizokwisha kupangiwa daraja na kampuni inayoaminika, mbili au tatu kwa kila daraja unalolishuku. Mwaka uleule na kiwanda kilekile ikiwezekana. Ziweke kando ya yako kwa ukubwa mmoja. Usilinganishe kwa kumbukumbu; kumbukumbu humpenda anayetaka kununua.

4. Nenda kwenye vilele

Sarafu hulika pale inapoinuka zaidi, kwa sababu hapo ndipo hugusana na meza, vidole na sarafu wenzake. Kila aina ina vilele vyake na huna budi kuvijua kabla ya kutazama kitu kingine.

Chukua Morgan ya kale, iliyopigwa 1878 hadi 1904 kisha tena 1921. Upande wa kichwa, vilele ni nywele zilizo juu ya jicho na juu ya sikio, pamoja na shavu. Upande wa pili ni kifua cha tai. Nywele za juu ya sikio zikiwa zimeyeyuka kuwa bonge moja na kifua cha tai hakina unyoya, uko F au chini yake. Theluthi mbili hivi za nywele zikionekana, na manyoya ya kifua yanaanza kuhesabika, uko VF. Nywele zote zina mistari yake na ni ncha tu zilizolainika, hiyo ni XF. Ikiwa lazima utafute ulipoliwa, na unapata rangi ya kijivu tu kwenye jicho na kifua, uko AU.

Thaler ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria yenye sura ya malkia huyo, inataka macho mengine. Mwaka hausaidii: malkia alifariki 1780 na sarafu ikaendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo ya 1780, Vienna na baadaye Roma, London, Paris na Bombay, na Vienna bado huipiga hadi leo. Kwa hiyo huwezi kusema “ina zaidi ya miaka mia mbili, uchakavu huu ni wa kawaida.” Huenda ilitoka kiwandani enzi za bibi yako. Nenda kwenye bizimu ya begani iliyozungukwa na lulu. Lulu zikiwa bado ni punje punje, kila moja na kivuli chake, sarafu imetembea kidogo. Punje zikianza kugusana unashuka VF. Zikiwa ukanda mmoja laini, shuka zaidi. Kisha pita kwenye manyoya ya mabawa ya tai mwenye vichwa viwili uone kama yanakubaliana na lulu.

Hilo la kukubaliana ni muhimu. Pande mbili za sarafu huchakaa pamoja, ingawa si kwa kiasi kilekile. Ukiona upande mmoja VF na wa pili AU, kuna jambo: ama kuvaliwa kama kidani upande mmoja ukisugua nguo, ama kuchongwa upya, ama pigo lilikuwa dhaifu.

5. Imelika, au haikujaa?

Hapa ndipo wengi huangukia, na ndipo nitakapokaa.

Sarafu hutengenezwa kwa kipande cha fedha kubanwa kati ya vyuma viwili vya chapa. Chuma kimechimbwa, na pale kilipochimbwa sana ndipo kilele cha sarafu kitakapokuwa. Nguvu ya kubana ikipungua, fedha haifiki chini ya shimo, na kilele hutoka bapa tangu siku ya kwanza. Dola za Morgan za kiwanda cha New Orleans, zenye herufi O chini ya tai, zina sifa hiyo: nywele za juu ya sikio bapa, kifua cha tai bapa, na sarafu haijawahi kununua hata sindano.

Utazitofautishaje pichani? Kuza sehemu hiyo bapa. Sehemu iliyolika ni laini, rangi yake imegeuka kijivu tofauti na jirani yake, na mpaka wake unafifia taratibu. Sehemu isiyojaa ina ukwaru: vijishimo na vikwaruzo vya kile kipande cha fedha kabla hakijapigwa, ambavyo chapa haikuvifikia kuvifuta. Na mng'ao wa uwanjani hupita juu yake bila kukatika.

Kisha tazama majirani. Shavu likiwa na mng'ao kamili na nyota za ukingoni zina ncha, halafu nywele za sikioni peke yake ndizo bapa, mkono wa mtu haukuhusika. Mkono hauchagui nywele ukaruka shavu.

Sarafu za karne ya 18 zina jambo la kufanana na hili. Kipande kikiwa kizito kupita kiasi, fundi alikipiga tupa kabla ya kukitia chapa. Mistari ya tupa hubaki, sambamba na mikavu, hasa pale pigo lisipofika vizuri. Mtu asiyejua husema imekwaruzwa. Angalia mistari inapokutana na mchoro: ya tupa imelala chini ya mchoro, mchoro umeikanyaga. Mkwaruzo wa baadaye hupanda juu ya mchoro na kuukata.

6. Mng'ao, kati ya AU na MS

Fedha inapobanwa hutiririka kuelekea ukingoni, na mtiririko huo huacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa jicho. Mistari hiyo ndiyo huufanya mwanga uzunguke kama spoku za gurudumu unapoinamisha sarafu. Pichani gurudumu limesimama: utaona kabari mbili za mwanga zilizopingana, zikitoka katikati kwenda ukingoni. Fuata kabari moja pole pole. Ikipita uwanjani, ikapanda juu ya shavu na kushuka bila kukatika, MS inawezekana. Ikizimika juu ya shavu ikawaka tena ng'ambo, mng'ao umesuguliwa pale; ni AU, hata mchoro uwe mkali namna gani.

Ndani ya MS, mashavu ndiyo hakimu. Dola za Morgan zilihifadhiwa katika mifuko ya elfu moja moja, zikigongana, na kila mgongano una alama. Alama kumi zilizojificha kwenye nywele hazina uzito wa moja iliyo katikati ya shavu. Kuhusu kutofautisha MS64 na MS65 kwa picha, mimi sijaribu. Anayejaribu namtakia heri.

7. Imesuguliwa? Imeoshwa?

Sarafu iliyosafishwa vibaya kampuni nyingi haziipi namba ya kawaida, kwa hiyo hatua hii inaweza kufuta kazi yote ya hatua zilizotangulia.

Anza na swali la akili ya kawaida: je, rangi inalingana na umri wa uchakavu? Sarafu ya VF imepita mikononi mwa watu miaka na miaka. Inapaswa kuwa kijivu, vilele vikiwa vyeupe kidogo na mabonde yakiwa meusi. VF inayong'aa pote kama kijiko kipya imeoshwa. Ikiwa uwanja ni mweupe lakini kuna pete ya weusi imebaki kuzunguka kila herufi, kitambaa kilipita na hakikuweza kuingia kwenye kona.

Halafu mistari. Mistari myembamba sambamba inayopita uwanjani, ikapanda herufi, ikashuka na kuendelea kwa mwelekeo uleule, ni ya kitambaa au brashi. Usiichanganye na mistari ya kung'arisha chuma cha chapa: hiyo imeinuka badala ya kuzama, na husimama kabisa inapofika kwenye herufi, kwa sababu kilichosuguliwa kiwandani kilikuwa uwanja wa chuma, si mashimo yake. Jaribio hilo moja limeniokolea sarafu kadhaa ambazo wengine walizikimbia.

Sarafu ikiwa ndani ya kasha la plastiki, hakikisha mkwaruzo ni wa sarafu. Wa kasha huvuka ukingo wa sarafu na kuendelea kwenye plastiki, na ukilinganisha picha mbili zilizopigwa kwa pembe tofauti, unahama. Wa sarafu hauhami.

Rangi za uzee zina utaratibu wake. Salfa ya hewani au ya karatasi huungana na fedha na kufanya utando, na rangi hutegemea unene wa utando: kwanza dhahabu nyepesi, kisha nyekundu ya zambarau, kisha buluu. Sarafu iliyokaa kwenye albamu ya karatasi hupata rangi kuanzia ukingoni kwenda ndani, kwa mpangilio huo. Rangi zilizorukaruka, buluu kali ikikaa moja kwa moja juu ya fedha nyeupe bila dhahabu kati yake, au zote zenye ukali mmoja kama rangi ya kucha, nazishuku. Ukiona utelezi wa kijani kwenye mabonde, fikiria mifuko laini ya plastiki ya zamani, ambayo hutoa kemikali inayokula fedha.

8. Ukingo na sehemu ya juu kabisa

Sarafu nyingi kubwa za fedha ziliwahi kuvaliwa. Tazama juu kabisa, mahali pa kuning'inizia, ukitafuta ukingo uliobanwa, herufi iliyopotea, au kipande cha fedha chenye weupe tofauti. Ukishuku tundu lililozibwa, litafute upande wa pili. Kwenye dola ya Morgan pande mbili zimepinduana, kwa hiyo tundu la juu ya kichwa litatokea chini ya tai. Wengi hutazama juu ya tai, hawaoni kitu, wakaridhika.

Mihuri midogo ya wafanyabiashara wa China kwenye reale nane za Kihispania na dola za biashara (sarafu za fedha zilizotumika katika biashara ya Asia) ni habari nyingine. Kampuni huieleza kando, na wapo wakusanyaji wanaoitafuta. Usiihesabu kama kidonda cha bahati mbaya.

9. Omba, kisha andika

Omba vitu vitatu: video fupi ya sarafu ikiinamishwa chini ya taa moja, picha ya ubavu, na uzito kwenye mizani ya kidijitali. Video ya sekunde kumi inashinda picha ishirini, maana gurudumu la mng'ao ni gumu kuigiza. Ubavuni mwa thaler ya Maria Theresa pasomeke IUSTITIA ET CLEMENTIA kwa herufi zilizoinuka, na mizani isome karibu na gramu 28.07. Morgan ni gramu 26.73. Mshono unaozunguka ubavu au vipele vidogo uwanjani ni dalili za sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa, na hapo suala la daraja limekwisha.

Halafu andika, kabla ya kujadili bei na mtu yeyote. Mimi huandika hivi: “Morgan 1890-O. Taa moja, kushoto juu. Nywele za sikio bapa, ukwaru unaonekana, mng'ao unapita: pigo dhaifu. Shavu: alama tatu, moja katikati. Kabari ya mwanga huenda inakatika kidogo kwenye kifua cha tai, sina hakika. AU55 hadi MS61. Uwanja wa kulia umeungua kwa mwanga, haujulikani.” Sarafu ikifika, naisoma tena kwa macho na kuandika chini yake nilipokosea. Daftari langu la kwanza karibu kila ukurasa nilikuwa nimepandisha daraja, na karibu kila mara ni uwanja ulioungua ndio ulionidanganya.